Prosesa 32 za kuazima

Simu iliita saa nne kasorobo usiku, siku ya mishahara. Aliyepiga ni dada wa zamu upande wa seva, mtu ambaye hapigi simu kwa mambo madogo.

"Kaka, hiyo huduma yako inachechemea. Maombi mengi yanajibiwa ndani ya milisekunde tano, halafu ghafla moja linakaa mia, jingine mia mbili. Na CPU haijafika hata nusu ya mliyopewa."

Nikamuuliza kama ana uhakika na hiyo nusu. Akacheka. "Fungua uone mwenyewe."

Nikafungua. Kontena letu, yaani boksi ambamo programu yetu inaendeshwa kwa mipaka yake, lilikuwa na kikomo cha prosesa 2 kwenye mashine yenye prosesa 32, na wastani wa matumizi ulikuwa unacheza chini ya prosesa moja. Kumbukumbu ilikuwepo ya kutosha. Hifadhidata ilikuwa inajibu bila shida. Ila mchoro wa muda wa majibu ulikuwa tambarare, mwiba, tambarare, mwiba, na miiba mingi ilikuwa na kimo kinacholingana: milisekunde tisini na kitu.

Kimo hicho ndicho kilichonitia wasiwasi. Mtandao ukiwa mbovu, ucheleweshaji huja shaghalabaghala. Hifadhidata ikielemewa, mchoro hupanda polepole kama mtu anayekwea kilima. Ucheleweshaji unaorudia namba ileile unatoka kwenye saa ya mtu: kuna mahali mtu anahesabu milisekunde 100, akimaliza anaanza upya.

Mtu huyo alikuwa kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi kinachogawa prosesa kwa programu, na mimi ndiye niliyempa sababu. Lakini ili kosa langu lieleweke, inabidi nipite kwanza Magomeni, kwenye kibanda cha mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa fundi cherehani. Kibanda kilikuwa chake. Vyerehani vinne vilivyokuwemo vilikuwa vya kukodi, vya mzee mmoja wa mtaa wa pili aliyekuwa navyo vingi na wateja wengi. Kazi zilizidi vyerehani siku zote, na ikifika Januari, msimu wa sare za shule, zilijaa hadi juu ya kabati. Mama mdogo ndiye aliyepanga nguo ipi ikae kwenye cherehani ipi. Sketi ikikosa vifungo, anasema "toa hiyo, weka lile shati", na kazi inaendelea. Hanyanyuki hata kwenye kigoda. Mzee mwenye vyerehani hakujua lolote kuhusu mashati wala sketi. Alichojua ni vyerehani vyake na nani anavihitaji.

Mambo mawili yalikuwa yakimharibia siku. La kwanza, fundi mmoja akienda dukani kufuata zipu, mzee akapita na kuona kiti kitupu, alikuwa anachukua cherehani na kukipeleka kwa mteja mwingine. Mama mdogo ana nguo kumi zinazosubiri, na cherehani kimeondoka. La pili lilikuwa baya zaidi: siku nyingine mzee alituma vijana wakabebe cherehani katikati ya mshono. Niliwahi kushuhudia sketi ya kijani ya mtoto wa shule ikitoka mlangoni ikiwa imeng'ang'aniwa na sindano, na mkasi pekee wa kibanda ukiwa umefungwa ndani ya droo ya cherehani hichohicho. Mafundi watatu waliobaki walikaa wakitazamana.

Sasa weka prosesa mahali pa cherehani, uzi mahali pa nguo, maktaba ya nyuzi iliyo ndani ya programu mahali pa mama mdogo, na kerneli mahali pa mzee. Uzi, kwa watu wa mifumo endeshi, ni mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu: una staki yake (kumbukumbu ndogo ya kazi inayoendelea), unakumbuka ulipofika, na unasubiri zamu. Swali la miaka mingi ni nani agawe zamu hizo.

Unaweza kumwachia kerneli yote. Kila uzi wa programu unakuwa uzi ambao kerneli inaujua, na kila kubadilishana zamu kunapita kwake. Ni sawa na kwenda mtaa wa pili kumuuliza mzee kila unapotaka kutoa sketi na kuweka shati. Au unaweza kugawa zamu mwenyewe ndani ya programu, kwa maktaba tu, bila kerneli kujua kuna nyuzi ngapi. Hiyo ni haraka sana, hadi siku zipu ikosekane.

Uharaka wenyewe ulipimwa vizuri mwaka 1991 katika makala ya watu wanne wa Chuo Kikuu cha Washington: Thomas Anderson, Brian Bershad, Edward Lazowska na Henry Levy. Walitumia Firefly, kompyuta ya prosesa nyingi ya maabara ya kampuni ya DEC, iliyokuwa inaendesha mfumo uitwao Topaz. Kuzaa uzi, kuuendesha bila kazi yoyote na kuumaliza kulichukua mikrosekunde 34 kwa maktaba ya juu, yaani ile ya ndani ya programu. Kwa nyuzi za kerneli ya Topaz, 948. Kwa prosesi kamili, yaani programu nzima inayojitegemea, ya Ultrix, mfumo mwingine wa DEC, 11,300. Ili namba hizo zipate uzito: kuita fankisheni ya kawaida kwenye mashine ile kulichukua kama mikrosekunde 7, na kuingia kerneli kama 19. Kwa hiyo zile 948 hazielezwi na mlango peke yake. Ukishaingia ndani kuna ukaguzi, kuna kunakili vigezo, na kuna ujumla: kerneli inahudumia kila aina ya programu, kwa hiyo inabeba mzigo wa mambo ambayo programu yako haiyahitaji.

Wengi wakisoma namba zile husimama hapo, wakaondoka na hadithi ya nyuzi nyepesi na nyuzi nzito. Mimi naona sehemu tamu ya makala ile inaanza baadaye, pale wanapokiri kwamba maktaba ya haraka inavunjika mara tu dunia halisi inapogusa programu. Uzi ukiomba kusoma diski, kerneli inalaza uzi wa kerneli unaoubeba ule wa programu, na prosesa inapotea pamoja nao, ingawa maktaba ina nyuzi nyingine kumi tayari. Kerneli ikihitaji prosesa kwa programu nyingine, inaichukua bila kujua kwamba uzi uliokuwa juu yake ameshika kufuli, ruhusa ya kugusa data inayoshikwa na uzi mmoja tu kwa wakati, ambalo wengine wote wanalizunguka. Mkasi umo ndani ya droo. Kerneli haina nia mbaya, haioni. Na maktaba haina uzembe, haikuambiwa.

Wazo lao lilikuwa kwamba pande hizi mbili ziongee, tena kwa utaratibu maalumu. Chombo cha mazungumzo nakiita hapa kiamsho. Kila mara kerneli inapoipa programu prosesa, haiendelezi uzi uliokuwepo. Inaunda kiamsho na kupiga simu kwenda juu, yaani inaingia ndani ya programu mahali pamoja palipokubaliwa, kwa mgawa zamu wa maktaba, na kumwambia: hii prosesa, na hii habari yake. Habari ni za aina nne tu. Umeongezewa prosesa. Umenyang'anywa prosesa, na huyu hapa uzi aliyekuwa juu yake, rejista zake zote (thamani alizokuwa nazo ndani ya prosesa) zikiwa salama. Kiamsho fulani kimekwama ndani ya kerneli. Kiamsho fulani kimekwamuka.

Na kuna sharti moja linaloshikilia kila kitu: wakati wowote, viamsho vinavyokimbia ndani ya programu viwe sawasawa na idadi ya prosesa ilizopewa. Kisipungue kimoja, kisizidi kimoja. Uzi ukikwama kwenye diski, kerneli haiachi prosesa ipotee. Inaunda kiamsho kipya papo hapo na kukipeleka juu na taarifa kwamba kile cha kwanza kimekwama. Mgawa zamu anaweka shati mahali pa sketi.

Diski ikimaliza kusoma ndipo hila yenyewe inapoonekana, na niliisoma mara tatu kabla haijaniingia. Kerneli ya kawaida ingeamsha uzi ule na kuurudisha kwenye prosesa. Hii hairudishi. Ina habari ya kupeleka juu, na ili habari isafiri inahitaji prosesa, na prosesa zote za programu zinatumika. Basi inamsimamisha uzi mwingine wa programu hiyohiyo, inachukua prosesa yake, na kwa prosesa hiyo inapeleka habari mbili kwa mpigo: yule aliyekwama amekwamuka, na huyu niliyemsimamisha ili nifike kwako huyu hapa pia. Mgawa zamu ana nyuzi mbili mkononi na prosesa moja, na ndiye anayejua yupi ana haraka. Kerneli imebaki na kazi ya kugawa prosesa kati ya programu; nani akimbie ndani ya programu haiwahusu tena watu wa chini.

Yule mzee wa mtaa wa pili naye alifika huko mwishowe, baada ya ugomvi wa ile sketi ya kijani. Akawa anamtuma mjukuu wake: "Babu anasema anachukua cherehani kimoja." Mjukuu alikuwa akifika, fundi mmoja lazima asimamishe mguu ili amsikilize.

Suala la mkasi nalo walilitafutia dawa. Maktaba ikiambiwa kwamba uzi fulani ameondolewa kwenye prosesa, inaangalia kwanza kama uzi huyo alikuwa ndani ya sehemu nyeti, ameshika kufuli. Kama ndiyo, inampa prosesa kidogo amalize, aachie kufuli, kisha inaendelea na mipango yake. Ili ukaguzi huo usiigharimu programu chochote siku za kawaida, walitengeneza nakala ya pili ya kila sehemu nyeti ndani ya kodi (maagizo ya programu) iliyokwisha kutafsiriwa: ya kwanza ni ya siku zote, ya pili ina mstari wa ziada mwishoni unaorudisha prosesa kwa mgawa zamu. Usipokatizwa huigusi nakala ya pili hata siku moja. Napenda sana mafundi wa namna hii, wanaokataa kumtoza mtu shilingi kwa ajali ambayo haijamtokea.

Matokeo: kuzaa uzi kulitoka mikrosekunde 34 kukafika 37 tu. Lakini simu yenyewe ya kwenda juu ilikuwa nzito. Nyuzi mbili kupeana ishara kupitia kerneli kulichukua milisekunde 2.4, kama mara tano ya nyuzi za kawaida za Topaz. Walijitetea kwamba wamejenga juu ya kerneli iliyokuwepo, kwa lugha ya Modula-2+, wakati nyuzi za Topaz zilikuwa zimechongwa kwa lugha ya mashine. Utetezi wa haki, lakini ukiusoma leo unaona ufa ambao baadaye ulikuja kuwa mlango.

Kilichofuata nakipitia haraka, maana ni habari ya watu kujenga kisha kubomoa. Mfumo endeshi wa Solaris ulikuwa na utaratibu wake wa nyuzi nyingi za juu zikibebwa na nyuzi chache za kerneli. Solaris 9 ya mwaka 2002 ikauacha, kila uzi ukapata wa kwake. Nathan Williams aliandika viamsho ndani ya NetBSD, mfumo endeshi mwingine, vikatoka na toleo la 2.0 mwaka 2004, vikaachwa kwenye 5.0 mwaka 2009. FreeBSD walijenga wa kwao, KSE, nao ukatoka. Windows 7 ya biti 64 ilileta kitu cha ukoo huohuo, na Windows 11 haikitambui tena.

Linux ilipita njia fupi. Mwaka 2002 Ulrich Drepper na Ingo Molnar walisema wazi: wagawa zamu wawili, mmoja juu na mmoja chini, ni wengi kupita kiasi, afadhali tumfanye wa chini awe mwepesi. Wakaandika NPTL, uzi mmoja wa programu kwa uzi mmoja wa kerneli. Walikuwa na silaha mpya: futex, kufuli linalokaa kwenye kumbukumbu ya programu na kuiita kerneli pale tu watu wawili wanapogombana. Kufuli lisilogombewa halimsumbui mzee kabisa. Katika majaribio yao, nyuzi 100,000 zilianzishwa kwa sekunde 2, kazi iliyokuwa inachukua kama dakika 15 kwa mfumo wa zamani.

Kwa wakati ule walikuwa sahihi, nasema hivyo bila kusita. Kerneli iliyojaa viamsho ni ngumu kuandika na ngumu zaidi kurekebisha. Fikiria tu kwamba mgawa zamu wa juu naye anaweza kukosa ukurasa wake (kipande cha data yake) kwenye kumbukumbu wakati kerneli inampigia simu kumwambia kuna mtu amekosa ukurasa. Kesi za aina hiyo haziishi. Lakini ushindi wa NPTL ulikuwa kwa programu zenye nyuzi mamia au maelfu. Halafu zikaja seva zinazotaka mazungumzo laki moja ya mtandao kwa wakati mmoja, kila moja likilala muda mwingi, na watu wakaanza tena kujenga mama mdogo ndani ya programu zao. Tofauti ni kwamba safari hii hawakumwomba mzee kitu.

Mimi huwa naandika kwa lugha ya Go, kwa hiyo nitasema la Go. Gorutini ni uzi wa juu unaoanza na staki ya kilobaiti 2, wakati uzi wa Linux kwa kawaida hutengewa anwani za megabaiti 8. Ndani ya kila programu ya Go kuna herufi tatu: G ni gorutini, M ni uzi wa kerneli, P ni kibali cha kuendesha kodi ya Go. M bila P haruhusiwi kuendesha gorutini. Idadi ya P inawekwa na kigezo kiitwacho GOMAXPROCS. Kumbuka kigezo hicho.

Gorutini ikisubiri mtandao hakuna tatizo: Go inaikabidhi kwa epoll, chombo cha Linux cha kungojea habari za mtandao, inaiweka pembeni, P inachukua nyingine. Ikisoma faili la diski, epoll haisaidii, M analala ndani ya kerneli. Kerneli haipigi simu juu. Basi Go ina mlinzi wake, sysmon, uzi anayezunguka bila P, akilala kuanzia mikrosekunde 20 hadi milisekunde 10, kazi yake kuchungulia: huyu M yuko ndani ya kerneli muda gani? Amezidi? Ananyang'anya P yake na kumpa M mwingine. Ni kiamsho cha maskini: mjukuu hatumwi tena, kwa hiyo mama mdogo ameajiri mtoto wa kuzungukia madukani kuona nani amekwama kwenye foleni ya zipu.

Mlinzi huyo anaona aliyetoka mlangoni tu. Gorutini ikigusa kumbukumbu iliyofungamanishwa na faili, na ukurasa wake haupo, kerneli inamlaza M katikati ya hesabu za kawaida. Hakuna mlango uliovukwa. Kwa macho ya Go, M huyo anafanya kazi kwa bidii, na P yake imelala naye hadi diski ijibu. Viamsho vya 1991 vingelishika hilo bila jasho. Na gorutini inayozunguka kwenye hesabu ndefu bila kuita fankisheni haikuweza kukatizwa kabisa hadi Go 1.14, mwaka 2020, walipoanza kuitumia ishara ya SIGURG kuikatiza. Ishara hiyo ilikuwepo kwa ajili ya habari za dharura za soketi, yaani miunganisho ya mtandao, na karibu hakuna aliyekuwa anaitumia. Wakaiokota kama mtu anavyookota kigoda kilichoachwa barazani.

Java nao wakarudi njia hiyohiyo kwenye toleo la 21, mwaka 2023, kwa nyuzi zao pepe, na kwa muda zikawa zinang'ang'ania uzi wa kerneli kila zikilala ndani ya sehemu iliyofungwa kwa synchronized, hadi toleo la 24. Sindano kwenye sketi tena.

Turudi saa nne usiku.

Kontena likipewa kikomo cha prosesa 2, Linux haitoi prosesa mbili za kushika mkononi. Inatoa posho ya muda: milisekunde 200 za kazi katika kila kipindi cha milisekunde 100. Unaweza kuzila kwa prosesa mbili kwa muda wa kipindi chote. Unaweza pia kuzila kwa prosesa 32 kwa wakati mmoja, na hapo zinaisha baada ya milisekunde 6.25. Zikiisha, nyuzi zako zote zinagandishwa hadi kipindi kipya kianze. 100 ukitoa 6.25 unabaki na 93.75.

Milisekunde tisini na kitu.

Go yangu ilipoamka ndani ya kontena ilihesabu prosesa za mashine, ikaona 32, ikajiwekea P 32. Haikuuliza kikomo. Muda mwingi P hizo zilikuwa zimelala, ndiyo maana wastani ulikuwa chini. Lakini kila mara mzoa taka wa kumbukumbu, sehemu ya Go inayosafisha kumbukumbu isiyotumika tena, alipoanza kazi, robo ya P zote inamhudumia rasmi, na kila P isiyo na kazi nayo inajitolea kusaidia. P zisizo na kazi zilikuwa karibu zote. Nyuzi thelathini na mbili zinaruka kwa pamoja, zinamaliza posho kufumba na kufumbua, na kerneli inafunga duka. Katikati ya hizo nyuzi kulikuwa na gorutini iliyoshika kufuli la akiba yetu ya data. Ikagandishwa nalo. Duka likifunguliwa, gorutini mia zilikuwa zimepanga foleni nje ya kufuli hilo, na baadhi zilikosa zamu hadi kipindi cha pili. Ndiyo zile 200.

Kwenye faili dogo la kerneli liitwalo cpu.stat kulikuwa na hesabu ya mara ambazo kontena limegandishwa, na ilikuwa inapanda nikiwa naitazama. Namba ile ilikuwepo tangu siku ya kwanza tulipoweka huduma hewani. Kerneli ilikuwa inaandika kila mara iliponyang'anya, kwa uaminifu kabisa, kwenye faili ambalo mimi sikuwahi kulifungua na ambalo programu yangu haikujua lipo. Habari ya pili kati ya zile nne, "umenyang'anywa prosesa", ilikuwa inaandikwa ukutani badala ya kuletwa mlangoni.

Niliweka GOMAXPROCS kuwa 2, nikaanzisha upya. Miiba ikalala. Dada akanitumia ujumbe wenye neno moja, "Eti?", nami nikamwandikia kwamba tulikuwa tunaamini tuna vyerehani thelathini na viwili. Hakuelewa, nikampigia nikamsimulia habari za Magomeni hadi saa sita.

Kosa lilikuwa langu, na halikuwa la kitaalamu sana. Wakati ule tayari kulikuwa na maktaba ndogo, automaxprocs, iliyotolewa na Uber kwa ajili ya jambo hilohilo. Sikuwa nimeiweka kwa sababu niliamini mgawa zamu wa Go na mgawa zamu wa Linux wamekwisha kusalimiana mahali fulani huko chini, mbali na mimi.

Agosti 2025 ilitoka Go 1.25, na sasa Go inasoma kikomo cha kontena yenyewe inapoanza, kisha inarudi kukichungulia mara kwa mara kama kimebadilika. Ni mtoto yuleyule wa kuzungukia madukani, ameongezewa ratiba. Nikafuta mstari wangu wa GOMAXPROCS, na dada akataka ushahidi kabla hajakubali. Tukaiwasha huduma kwenye mazingira ya majaribio kwa kikomo cha prosesa 4, tukaitwanga maombi hadi prosesa zote nne zikawa kazini, halafu yeye akashusha kikomo hadi 2 bila kuizima. Namba ya P ikashuka kutoka 4 hadi 2 mbele ya macho yetu.

"Imechukua muda gani?" akauliza.

"Kama sekunde moja."

"Na ndani ya hiyo sekunde?"

Tukafungua mchoro. Kulikuwa na miiba michache, imesongamana pamoja, kila mmoja una kimo cha milisekunde hamsini.